Spika Mpya "Haijakolea"? Usingoje Siku za Kurudisha Ziishe

Somo la leo ni la wale wanaonunua spika au hedifoni, iwe ya kusikiliza kwenye treni kutoka Kipling, iwe ya kumtumia mzee nyumbani. Unafika nayo chumbani, unawasha, besi hakuna, sauti inakwaruza. Ukiuliza unaambiwa: "Ipe saa mia moja ndugu yangu, bado mpya hiyo, itakolea." Je, ni kweli?

Tupige hesabu kwanza. Spika ya dola 200 hapa Ontario, ukiongeza kodi ya mauzo ya 13%, ni dola 226. Kwa kima cha chini cha mshahara kilichoanza Oktoba 2025, dola 17.60 kwa saa, hizo ni karibu saa 13 za kubeba zege au kudeki nyumba za watu, tena kabla ya makato. Hela hiyo usiiachie bahati.

Ukweli ni upi?

*Spika.* Ndani kuna koni inayotikisika, imeshikwa na mpira pembeni na kitambaa kigumu nyuma. Vikitikiswa vinalegea kidogo, na mafundi wameshapima hilo kwa vyombo. Ila sehemu kubwa ya kulegea huko huisha mapema, ndani ya dakika au saa chache za mwanzo, na kwa sikio tofauti ni ndogo.

*Hedifoni.* Sponji zake hulainika na kukaa vizuri sikioni. Zikiziba vizuri, besi huongezeka.

*Waya na amplifaya.* Humo hamna mpira wala koni ya kulegea. Usikubali kuambiwa waya "utakolea".

*Masikio yako.* Hapa ndipo penye mabadiliko makubwa. Mtu akihamia Rexdale, ndege za Pearson humsumbua wiki za mwanzo, baadaye hata hazisikii. Ndege hazijapunguza kelele, yeye ndiye amezoea. Na spika ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo sauti inayokwaruza, au upande mmoja ulio kimya, ni ubovu. Hata ukiipigisha mwezi mzima, haitapona.

Fanya hivi:

1. Kabla ya kulipa, uliza siku za kurudisha. Sheria ya Ontario hailazimishi duka kukurudishia hela kwa sababu tu umebadili mawazo. Kila duka lina masharti yake. Tarehe ya mwisho iweke kwenye simu ikukumbushe.

2. Ijaribu siku hiyo hiyo kwa wimbo unaoujua vizuri, sauti ya kawaida. Hakuna haja ya kuifungulia usiku kucha na kugombana na wapangaji wenzako.

3. Tunza risiti na boksi. Kama haikuridhishi, irudishe mapema.

4. Kama inakwenda nyumbani, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa hapa ni volti 120, Tanzania 230, Kenya 240. Kama hakijaandikwa 100–240, ukiichomeka kule inaweza kuungua. Na ijaribu kabla hujaifunga kwenye mzigo, maana kuirudisha kutoka Tanga hadi Etobicoke ni gharama nyingine.

Anayekuambia ungoje saa mia hapotezi kitu. Siku za kurudisha zikiisha, anayebaki na spika mbovu ni wewe.