Muziki wa Kumlaza Mtoto
Sisi tunaoachiwa wadogo zetu jioni mama akienda arusini twajua: mtoto asipolala, kazi ya ziada haifanyiki. Basi chagua muziki. Chakacha usithubutu, ngoma zake za haraka, mtoto atainuka acheze! Tafuta mwendo wa pole usiopanda ghafla. Udi wa marehemu Zein l'Abdin wafaa, hasa pale unapolia peke yake. Wazungu nao wana bembelezi ya Brahms ya mwaka 1868. Mapigo yake matatu matatu yaenda kama pembea. Redio iwe chini, mbali na kitanda. Lakini mimi naona bembelezi ya mdomo yashinda zote, hata sauti ikiwa mbaya, maana waweza kuipunguza polepole kadiri macho yake yanavyofumba.