Jedwali la michango ya chama kwenye slaidi

Mweka hazina, tunakuomba usibandike stetimenti nzima ya simu kwenye slaidi. Aliye nyuma hataona kitu, na namba za wenzako zitaanikwa bure. Kwenye PowerPoint bonyeza Insert, halafu Table, uchague safu tatu tu: jina, tarehe, kiasi. (Deni la mtu mwambie kando.)

Wengi huteleza kwenye safu ya kiasi. Ichague yote, nenda Layout, bonyeza Align Right. Pesa zikikaa katikati, 500 na 5,000 hazipishani vizuri, na maswali huanzia hapo. Mstari wa juu upake rangi iliyokoza. Kwingine acha peupe, hii si harusi. Jumla iandike chini kwa herufi nzito, na uhakikishe inalingana na stetimenti kabla hujasimama mbele ya watu.