Mashine ya Kufulia Isiyoingiza Maji

Kabla ya kumlipa fundi akubadilishie vali, fanya ukaguzi mdogo. Chomoa plagi, funga koki, kisha fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Katika tundu unapoingia mpira huo kuna kichujio cha wavu. Kivute taratibu kwa koleo na ukisugue kwa mswaki. Maji yanaporejea baada ya mgao huja na mchanga na kutu, navyo hunasa hapo.

Kisha elekeza mpira kwenye ndoo na ufungue koki. Maji yakitoka kwa unyonge, tatizo ni presha, na mara nyingi chanzo chake ni tangi la nyumbani. Kila mita 1 ya kimo huzalisha takriban baa 0.1 tu, ilhali maelekezo ya mashine nyingi hutaja baa 0.5 (yaani MPa 0.05) kuwa kiwango cha chini. Hiyo ni sawa na tangi lililo mita 5 juu ya mashine. La juu ya bafu halitoshi. Vali mpya, hata iwe ya bei gani, haitaongeza presha: inua tangi au weka pampu.

Maji yakitoka kwa nguvu, hakikisha mlango umefungwa barabara, ndipo umwite fundi. Ikiwa dhamana haijaisha, usifungue mfuniko. Irejeshe mashine dukani pamoja na risiti.