Mapatano na Fundi wa Nyumba



Kila mwaka, baada ya minada ya korosho, Nachingwea na Ruangwa kote husikika milio ya nyundo. Mtu amepata fedha, naye ataka nyumba ya matofali. Huuliza bei ya saruji na bei ya bati, lakini wachache huuliza: nipatane na fundi kwa njia gani? Mimi sikuuliza, nikajuta. Kwa hiyo nitaeleza njia nne. Katika kila moja tazameni jambo hili: kazi ikichelewa, au vifaa vikipanda bei, hasara ni ya nani?

Njia ya kwanza ni malipo ya siku. Hapa hasara yote ni ya mwenye nyumba. Ndiyo niliyoifuata nilipojenga Nachingwea, nami nafanya kazi Ruangwa, nikirudi Jumamosi tu. Ukuta niliotazamia wiki mbili ulichukua wiki tano. Fundi hakuniibia, siku za kungoja maji na mchanga nazo zilikuwa siku za malipo. Fedha za bati zikaishia ukutani, na mvua za Desemba zikaikuta nyumba i wazi.

Njia ya pili ni bei moja kwa nyumba nzima, na fundi hununua vifaa. Hasara ni yake. Lakini akibanwa, huenda akapunguza saruji. Mfuko wa kilo 50 ambao hutoa matofali 30 hivi ukitolewa matofali 60, tofali litavunjika mkononi. Njia hii yataka ramani kamili na msimamizi mwaminifu.

Njia ya tatu ni kulipa gharama zote, na juu yake fundi hupewa faida ya kiasi fulani kwa mia. Gharama zikizidi, faida nayo yazidi. Basi fundi hana sababu ya kubana matumizi. Yafaa pale tu kazi isipoweza kujulikana mapema, kama kutengeneza nyumba kuukuu.

Njia ya nne ni kulipa ufundi tu. Mwenye nyumba hununua vifaa. Fundi hulipwa kwa hatua: msingi, ukuta, linta, kupaua. Akichelewa, hasara ni yake. Vifaa vikipanda bei, hasara ni ya mwenye nyumba. Madarasa mengi ya Serikali hujengwa hivi, kwa utaratibu uitwao fosi akaunti. Nami nyumba yangu niliimaliza hivi. Kwetu sisi tupatao fedha mara moja kwa mwaka, naona ndiyo bora, maana hatua moja ikiisha nyumba yaweza kungoja msimu ujao bila deni.

Hata hivyo, hakuna mapatano yafaayo kama kazi haikupimwa kwanza. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, wakitazama sehemu kubwa ya nchi kutoka katika ndege. Mashamba ya karanga yakakisiwa kugharimu kama pauni milioni 25. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 zikafutwa kuwa hasara. Kukisia si kupima.

Mwisho, andikeni. Mapatano ya mdomo yaweza kukubaliwa na sheria, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Andikeni kazi, bei ya kila hatua, siku ya kumaliza, na majina ya mashahidi wawili. Mzazi asiyejua kusoma na asomewe na mwanawe. Elimu ya shule ina kazi gani nyingine iliyo bora kuliko hiyo?

Zoezi: Ukuta una urefu wa meta 12 na kimo cha meta 3, bila mlango wala dirisha. Meta moja ya mraba yataka matofali 10. Yatatakiwa matofali mangapi? Mfuko mmoja ukitoa matofali 30, itatakiwa mifuko mingapi ya kuyafyatulia? Fanyeni hesabu hiyo pamoja na wazazi, kabla fundi hajaitwa.