Somo: Jani lililotafunwa hupeleka habari

Mama mmoja aliniuliza shambani: «Moniteri, hindi hili linaliwa na kiwavi, nalo limesimama kimya tu. Je, halisikii?» Swali lake ni jema. Sikilizeni jibu.

Ninyi mliofanya kazi mgodini mnajua kengele. Mtu wa chini akipatwa na hatari, anaipiga, na watu wa juu wanapata habari ingawa hawamwoni. Mmea nao una kengele yake. Hauna waya wa chuma, wala hauna ubongo kama nyama. Lakini katika mishipa yake ipitishayo maji na chakula, hupita nguvu ndogo ya umeme.

Hupita namna gani? Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Kiwavi akitafuna jani anavipasua, na kitu kiitwacho glutamati kinamwagika. Vyumba vya karibu vikikipata vinafungua milango yao, na kalsiamu inaingia. Hapo umeme unabadilika. Jirani anamwambisha jirani, mpaka habari inafika jani la mbali.

Mwaka 2013 wataalamu wa Lausanne, katika Uswisi, waliweka nyaya nyembamba juu ya majani ya mmea mdogo wa jamaa ya haradali. Wakaona umeme ukienda mpaka sentimeta 9 kwa dakika moja. Mwaka 2018 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kalsiamu ikitembea katika mmea kama mwanga.

Jani lililopata habari linatengeneza kitu kiitwacho jasmonati. Hicho kinaamuru mmea kufanya silaha: vitu vinavyomzuia mdudu asisage chakula vizuri tumboni. Tena hindi likitafunwa hutoa harufu. Nyigu wadogo huifuata, wakataga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, naye hufa.

Basi, tukae tu nyumbani? Hapana! Habari hupita kwa dakika, lakini silaha zinataka saa nyingi. Na yule kiwavi wa Amerika, aliyeonekana Afrika mwaka 2016, anakula moyo wa hindi, wala silaha hizo peke yake hazimshindi. Fanyeni hivi:

1. Pandeni mapema, mvua zikianza vizuri.
2. Piteni shambani mara mbili kila juma. Pindueni majani. Mayai hukaa pamoja, yamefunikwa kama na manyoya. Yapondeni kwa vidole.
3. Mkiona katika moyo wa hindi mavi kama unga wa mbao, fungueni, toeni kiwavi, mwueni. Msingoje akue, kwa maana akikua anajificha ndani sana.
4. Nyigu wadogo msiwaue. Ni wasaidizi wenu.

Jani limekwisha kupiga kengele. Mwenye shamba asipokuja, atakula bukari gani miezi ya njaa?

Maulizo: Kitu gani kinamwagika jani likitafunwa? Kwa nini mmea hauwezi kushinda peke yake? Wewe ulitazama shamba lako siku gani?