SOMO: MPANGAJI MKUBWA NA JUMBA LA MADUKA

Mwaka 1956 lilifunguliwa mjini Edina, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, jumba la maduka liitwalo Southdale. Lilikuwa la kwanza la aina yake: maduka yote chini ya paa moja, na hewa ya ndani ikidhibitiwa kwa mitambo. Mengi yalijengwa kwa kuliiga. Southdale lingali lipo, lakini mengi ya hayo yamefungwa, na sababu hutajwa kwa neno moja tu: intaneti. Jibu hilo halitoshi.

Yafaa kwanza kutazama hesabu. Mwenye jumba alijenga kwa mkopo. Ili benki ikubali, na wanunuzi waje, alihitaji maduka makubwa mawili au matatu yenye jina, kama Sears na JCPenney. Hayo yaliwekwa kwenye ncha za jumba nayo yalilipa kodi ndogo sana. Mengine yalimiliki kabisa sehemu zao. Fedha za kulipia mkopo zilitoka kwa wenye maduka madogo ya viatu, nguo na vito waliopanga katikati, mahali ambapo kila mtu hupita. Yaani mdogo alimlipia mkubwa, kwa kuwa mkubwa ndiye aliyeleta watu. Naye mdogo hakuwa mjinga. Katika mikataba mingi kiliwekwa kifungu kwamba duka kubwa likifungwa, yeye apunguziwe kodi au aruhusiwe kuondoka. Basi lilipofungwa duka moja tu, mapato ya jumba zima yalishuka, ilhali deni la benki halikupungua hata senti.

North Randall ni kijiji kidogo karibu na Cleveland, jimbo la Ohio. Mwaka 1976 lilifunguliwa huko Randall Park Mall, mojawapo ya majumba makubwa kabisa ya wakati wake, na kijiji kikajivuna hata kikachora mifuko miwili ya dukani katika nembo yake. Lakini majumba mengine yalizidi kujengwa kuuzunguka mji uleule, na watu hawakuongezeka. Maduka makubwa yaliondoka moja baada ya jingine. Mwaka 2009 jumba likafungwa, likabomolewa, na mwaka 2018 pakafunguliwa hapo ghala la Amazon.

Sears ilikuwa imezoea kuuza kwa orodha na posta tangu karne ya 19. Iliifuta orodha yake kuu mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya Amazon kuanzishwa! Oktoba 2018 ilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai. JCPenney ikafuata Mei 2020, na Novemba mwaka huo ikafuata CBL, kampuni yenye majumba mengi ya namna hii.

Maswali ya kujadiliwa na kamati:

Chama chenye jengo la kupangisha hupata sehemu gani ya kodi kutoka kwa mpangaji mmoja? Mkopo wa jengo ni wa miaka mingapi, na mkataba wake yeye ni wa miaka mingapi?