Toleo Jipya, Sura Nyekundu

Swali: Nimeweka toleo jipya la Photoshop. Kwenye skrini picha ni safi, nikiprinti sura za watu zinatoka nyekundu. Nirudi toleo la zamani?

Jibu: Usirudi. Toleo jipya mara nyingi huanza na mipangilio yake yenyewe ya kuprinti, kwa hiyo anzia hapo kabla hujazigusa zana mpya zinazokuvutia. Fungua dirisha la kuprinti, utazame nani anasimamia rangi. Ukiipa Photoshop kazi hiyo, izime kwenye printa. Zote mbili zikiifanya, rangi husahihishwa mara mbili, na ngozi ndiyo huumbuka kwanza. Kisha chagua profaili ya karatasi uliyonayo hasa, kwani ya kung'aa hainywi wino kama ya kawaida.

Utasema la zamani halikudai haya. Lilidai, ila yalipangwa mara moja yakasahauliwa. Na wino je? Tundu za printa za kutolea wino zikiziba, karatasi yake ya majaribio hutoka na mapengo. Ikitoka kamili, tundu hazijaziba. Jaribu kwanza picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15, usiteketeze karatasi ya A4. Ikitoka na rangi sawa lakini yenye giza, punguza mwanga wa skrini kabla hujahariri tena.